Sigara Iliyonikopesha Utulivu

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu mdogo, alikuja kunitembelea Tabata mwishoni mwa mwezi uliopita baada ya kumaliza majaribio ya katikati ya muhula, akakaa kwangu siku tatu. Katika siku hizo tatu alitoka mara saba kwenda kununua vocha, ilhali siku hizi hata bibi yetu aliyeko Urambo hununua muda wa maongezi kwenye simu yenyewe, na kila aliporudi alikuwa ameosha mikono na anamung'unya pipi ya kifua. Sikumwuliza kitu. Mbinu ya pipi na sabuni niliibuni mimi mwaka 2012, au angalau ndivyo nilivyojidanganya, na niliitumia kwa miaka minne mbele ya watu walionipenda bila hata mmoja wao kusema neno.

Usiku wa mwisho umeme ulikatika, tukatoka kukaa barazani nyuma ya nyumba. Nilimwuliza anavuta sigara ngapi kwa siku. Sikumwuliza kama anavuta, kwa sababu swali hilo humpa mtu nafasi ya kukana. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kaka, zinanisaidia kichwa kutulia. Bila hizo muhula huu nisingeufikisha hapa." Nilitaka kumjibu papo hapo nikashindwa, kwa kuwa maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe, karibu neno kwa neno, nikiyaamini. Andiko hili ni jibu ambalo usiku ule sikuwa nalo.

Sisi kwa asili ni watu wa tumbaku. Ada yangu ya shule tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita ilitoka katika tumbaku ya baba, na jani lake nililijua miaka mingi kabla sijashika sigara. Miezi ya mvua tuliingia shambani asubuhi na mapema majani yakiwa bado na umande, na ilipofika saa nne baadhi yetu watoto tulikuwa tunaona kizunguzungu na kutapika. Wakubwa wakasema ni njaa, au ni jua. Baadaye sana ndipo niliposoma kwamba nikotini iliyomo katika jani bichi huyeyuka kwenye umande na kupenya ngozi ya mvunaji, yaani sumu ile ilikuwa imeshatuonja sisi kabla sisi hatujaionja. Baba, aliyetumia nusu ya maisha yake akichochea moto kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, hakuwahi kuvuta hata siku moja. Mimi nilikwenda kujifunzia Dar es Salaam.

Nilishuka Ubungo, enzi hizo stendi ya mabasi ya mikoani ikiwa bado pale, nikiwa na begi moja na sifa ya kuwa wa kwanza katika shule yangu. Chuo nilichosoma sitakitaja, kwa maana yaliyonipata yangeweza kunipata katika chuo chochote. Wiki ya tano tulifanya jaribio la kwanza la hisabati nikapata 9 kati ya 40. Darasa zima lilikuwa la watu waliokuwa wa kwanza kwao, na hakuna aliyewahi kutufundisha namna ya kuwa wa mia na kumi. Fedha za Bodi ya Mikopo zilichelewa, chumba sikupata, nikawa nabebwa, kama wanafunzi wanavyosema: unalala kitanda kimoja na mwenzako aliyepangiwa chumba, godoro la mtu mmoja likibeba wawili, na unatoka alfajiri kabla msimamizi hajapita. Kutoka nyumbani nilipigiwa simu kila Jumapili, nami kila Jumapili nilisema mambo ni mazuri.

Kufikia mwezi wa pili nilikuwa naamka saa 9 usiku na siwezi tena kulala. Chakula kilinikinai. Nilisoma ukurasa mmoja mara nne bila kujua umesema nini, na siku nyingine niliitazama simu ya mama ikiita mpaka inakatika, si kwa hasira, bali kwa sababu kuibonyeza kulionekana kazi kubwa kuliko nguvu niliyokuwa nayo. Leo nayajua majina ya hali hizo. Wakati ule tulikuwa na neno moja tu, stresi, ambalo lilitumika kwa mtu aliyefiwa na kwa mtu ambaye timu yake imefungwa. Inashangaza, kwa sababu Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya huzuni: kuna simanzi, jitimai, ghamu, majonzi, unyong'onyevu. Ila mengi tumeyaachia washairi na matangazo ya misiba. Neno sonona, ambalo madaktari wetu hulitumia sasa kwa ugonjwa wenyewe na ambalo ni ndugu wa kusononeka, mimi nililisikia kwa mara ya kwanza nikiwa mwaka wa tatu, ndani ya chumba cha daktari.

Sigara ya kwanza nilipewa saa 8 usiku kwenye vimbweta, yale mabenchi ya saruji ya kusomea chuoni, tukikesha kwa ajili ya mtihani. Aliyenipa hakuwa mhuni. Alikuwa mmoja wa wapole kuliko wote, na alinipa nusu yake kama mtu anavyomkatia mwenzake kipande cha andazi. Nilikohoa, nikaona kizunguzungu kile kile cha shambani, kisha kikaja kitu ambacho sikuwa nimekipata kwa wiki kadhaa, yaani dakika kama tano za kichwa kilichonyamaza. Kesho yake nilikwenda kwa Mangi, ambaye huuza sigara moja moja kati ya kopo la pipi na kopo la karanga, na kiberiti cha gesi amekifunga kwa uzi kwenye nondo za dirisha ili kisiondoke na mteja.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie. Nikotini inayovutwa kwa moshi hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 hivi, kasi ambayo hata sindano ya mshipa haiizidi kwa mengi, na huko husababisha kumwagika kwa kemikali ziletazo hisia ya kuridhika na umakini. Lakini haikai. Baada ya saa 2 hivi nusu yake imeshaondoka katika damu, na ubongo ambao umeshaizoea huanza kuidai. Madai hayo huja kwa sura ya wasiwasi, hasira za karibu, kukosa utulivu, moyo kushuka, kushindwa kuzingatia jambo moja; mtaani huitwa arosto. Itazame orodha hiyo vizuri. Ni karibu dalili zile zile zilizomfanya mwanafunzi awashe sigara mwanzoni, kwa hiyo ni vigumu mno kwake kutofautisha huzuni yake mwenyewe na njaa ya nikotini. Anawasha nyingine, njaa inatulia, naye anahitimisha kwa uaminifu kabisa kwamba sigara inamtibu msongo wa mawazo.

Mfano ninaoupenda kuueleza ni ule wa mikopo ya kausha damu. Mama lishe mwenye shida ya leo anapewa fedha leo, bila maswali mengi, na kwa siku mbili tatu mkopo ule kweli unamsaidia. Kisha marejesho ya kila siku yanaanza. Wiki ya tatu anakopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza, na ukimwuliza atakuambia kwamba mkopo wa pili ndio uliomwokoa, na hasemi uongo, isipokuwa hatari iliyomwokoa imeletwa na mkopo wenyewe. Sigara zangu zilikuwa hivyo. Ya kwanza, ile ya kwenye vimbweta, pengine ilinipunguzia kweli uzito wa usiku ule. Ya pili na zote elfu kadhaa zilizofuata zilikuwa zinalipa deni la iliyotangulia, na kila nilipolipa niliona nafuu, nikashukuru.

Dai hili si langu peke yangu. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Uingereza liitwalo BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 26 zilizofuatilia wavutaji, walioacha na walioendelea, na matokeo yake ni kwamba wale walioacha walikuwa na wasiwasi, sonona na msongo mdogo kuliko walioendelea kuvuta, na nafuu hiyo ilionekana hata kwa watu ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa akili. Kiasi cha nafuu kilikaribia kile kinachopatikana kwa dawa za sonona. Nilipousoma uchambuzi huo nilikuwa nimeshaacha, na nilihisi kama mtu anayeonyeshwa daftari la mkopeshaji baada ya kumaliza deni.

Hata hivyo sitaki kumdanganya mtu kwamba sigara ndiyo iliyoanza. Kwangu haikuanza, ilianza alama 9 kati ya 40, kitanda cha kubebwa na uongo wa Jumapili. Mtu mwenye sonona au wasiwasi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuvuta na kunywa kuliko asiye nayo, na mambo kama umaskini, msiba au ukatili wa utotoni humsukuma mtu kwenye ugonjwa na kwenye kilevi kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani husema kwamba karibu theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, ingawa mengi hayatambuliwi, kwa hiyo wapo wanaofika chuoni na mzigo waliouanza shule ya msingi. Kuwaambia hao "acha sigara tu utakuwa sawa" ni kuwatukana. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho, na kwa maoni yangu ni kigumu zaidi kukikubali: chochote kilichokuleta kwenye sigara, sigara imekiongezea uzito.

Pombe ilikuja mwaka wa pili, na ilikuja na bumu, jina la wanafunzi kwa fedha za kujikimu zinapoingia. Bumu likiingia, Sinza yote inajua. Viroba vilikuwa bado halali wakati ule, vipakiti vidogo vya pombe kali vilivyokaa vizuri kwenye mfuko wa shati, na mimi nilivipenda kwa sababu havikuhitaji marafiki. Watu wengi hudhani ulevi wa wanafunzi ni sherehe na kelele. Wangu ulikuwa kimya. Nilikunywa ili nilale, na nililala kweli, kisha saa 10 alfajiri nikaamka moyo ukidunda kama niliyefukuzwa.

Sababu yake ni rahisi. Pombe hukanyaga breki za ubongo, na ubongo, ukitaka kubaki sawa, hukanyaga mafuta upande wake. Pombe inapoisha katika damu usiku wa manane breki zinaachiwa, ila mguu wa mafuta bado uko chini, na ndipo mtu anapoamka na hofu isiyo na kitu cha kuogopa. Isitoshe, usingizi wa pombe hupunguza sehemu ile ya usingizi yenye ndoto, ambayo ni ya muhimu kwa hisia na kumbukumbu za mtu, jambo ambalo mwanafunzi hawezi kumudu kulipoteza. Hesabu nayo haidanganyi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi, na ini la mtu mzima huondoa wastani wa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa tano ni gramu 100, sawa na saa 10 hadi 14 za kazi ya ini. Aliyeanza saa 2 usiku huenda akaingia kwenye jaribio la saa 2 asubuhi akiwa bado na pombe mwilini, hata kama amekunywa supu, hata kama ameoga maji ya baridi. Wapo waliokuwa wanazimua, yaani kunywa kidogo asubuhi ili kichwa kitulie, na hiyo ni kausha damu ile ile kwa jina jingine.

Nikiwa mkweli, serikali haikukaa bure. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia sigara mtoto wa chini ya miaka 18, shisha ilipigwa marufuku katika mkoa wa Dar es Salaam mwaka 2016, na viroba vikaondolewa sokoni kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Katazo la viroba naliunga mkono kwa moyo wote, maana kitu cha bei ndogo kinachofichika ndicho kinachomfaa mtu aliyejificha. Lakini watu waliokuwa wanakunywa kwa huzuni walibaki na huzuni yao, wakaanza kuchangishana kununua bapa, yaani chupa bapa ya pombe kali.

Kwa wanafunzi wa kike mambo yalikuwa magumu zaidi, na naona aibu kwamba niliyaona na nisiyaelewe. Darasani kwetu alikuwapo dada mmoja aliyekuja maktaba kila jioni na chupa ya chai. Tulimtania kwamba yeye ni mzee wa kahawa. Mwaka wa nne, tukiwa tumeshakuwa marafiki, aliniambia kwamba ile haikuwa chai, na kwamba alichagua chupa hiyo kwa kuwa mwanamume akionekana amelewa husemwa wiki moja, mwanamke husemwa mpaka siku ya posa yake.

Msaada ulikuwapo, na nitaueleza ulivyokuwa. Chuo kilikuwa na mnasihi, mtu mmoja tu kwa wanafunzi wote, na mlango wake ulipakana na ofisi inayosikiliza kesi za nidhamu, kiasi kwamba aliyekaa kwenye benchi la kusubiri alionekana na kila mpita njia kama aliyekamatwa. Nilikwenda mara mbili hadi kwenye lile benchi. Mara zote mbili alipita mtu ninayemfahamu, nikainuka na kujifanya namtafuta mhadhiri. Tena mnasihi huyo alikuwa mwajiriwa wa idara ile ile ambayo ingeniadhibu kwa kukutwa na pombe bwenini, sasa sijui nilitegemewa kumweleza nini. Sidhani kwamba aliyepanga ofisi zile alikuwa na nia mbaya. Alikuwa na vyumba vichache na hakuwahi kukaa kwenye lile benchi.

Aliyenifikisha kwa daktari ni yule yule aliyenipa sigara ya kwanza. Mwaka 2015 aliona nimeacha kuoga, akanichukua kwa daladala bila kuniambia tunakwenda wapi, hadi kliniki ya afya ya akili katika hospitali moja ya serikali. Nilitarajia pingu na kelele. Nilikuta foleni ya watu waliovaa vizuri kuliko mimi na daktari mama wa makamo aliyenimiminia maji ya kunywa kabla ya kuuliza lolote. Swali lake kuhusu sigara halikuwa ngapi, bali, "Ukiamka, inapita muda gani kabla hujawasha ya kwanza?" Nikasema labda dakika tano. Akaandika. Siku hizi najua kwamba swali hilo ndilo linalopima uraibu vizuri kuliko mengi, kwa kuwa hupima usiku mzima bila nikotini unavyomtesa mtu. Kuhusu pombe alinipitisha kwenye maswali kumi yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani, moja likiuliza ni mara ngapi nimeshindwa kukumbuka yaliyotokea usiku uliopita. Kisha akauliza kwa sauti ile ile ya kawaida kama nimewahi kufikiria kujiua, akaongeza kwamba kuniuliza hakutanipa wazo ambalo sikuwa nalo. Nilisita, kwa maana nilikuwa nimesikia kwamba Kanuni ya Adhabu inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na mwanafunzi mwenye hofu hatofautishi wazo na jaribio. Akasubiri. Nikamjibu ukweli.

Alinipa dawa, akanionya kwamba zitachukua wiki kadhaa kabla sijaona tofauti na kwamba pombe itaziharibia kazi, akanipangia pia mazungumzo ya kila wiki na mwanasaikolojia. Alisema jambo moja ambalo nalirudia kwa yeyote anayenisikiliza: mtu anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake chumbani, kwa kuwa mwili unaweza kuingia kwenye degedege na kuchanganyikiwa, na hapo anahitaji hospitali, si ujasiri. Sigara ni tofauti, arosto yake inatesa bila kuua. Kilele chake ni siku mbili tatu za kwanza, na kwa watu wengi hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Mimi niliacha mwaka 2016 katika jaribio la tatu, nikitafuna karanga mpaka Mangi akaniuliza kama nimeanza biashara.

Hayo yote nilimweleza mdogo wangu usiku ule, kwa mpangilio mbaya kuliko huu. Alisikiliza akichezea mfuniko wa chupa ya maji. Nilipomaliza aliuliza maswali mawili tu. La kwanza, kama mama yake atajua, nikamjibu kwamba kwangu hatajua. La pili, mikono niliishughulisha na nini ile wiki ya kwanza ya kuacha, maana yeye shida yake, alisema, ni mikono. Nikamwambia habari za karanga, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Tukapanga Jumatano twende kliniki wote wawili, mimi nikiomba ruhusa kazini, yeye akikosa kipindi kimoja, na kwamba tutashuka kituo kimoja kabla ili asikutane na watu wa chuoni.

Asubuhi niliamka nikakuta ameshaondoka kuwahi mwendokasi. Pale barazani alipokuwa amekaa palikuwa na maganda mepesi ya karanga yamesambaa hadi kwenye ngazi, na katikati yake kipisi kimoja cha sigara iliyovutwa nusu. Nilifagia, nikampigia simu kumkumbusha Jumatano ni saa 2 asubuhi, akapokea kabla haijaita mara ya pili.